PUBG Mobile: simu mpya, doti ya kulengea inampita adui na risasi zinakwenda juu. Niweke sensi gani?

MjombaChuno – Jumapili, saa 2 usiku

Wakuu, habari za jioni. Najua nyuzi za sensi (kamera igeuke kwa kasi gani ukitelezesha kidole) zimejaa, nimezisoma karibu zote, na bado bunduki yangu inapiga ndege. Nivumilieni.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko pembeni ya soko kuu hapa Mtwara mjini, nakaa Chuno. PUBG Mobile, hili gemu la kupigana kwa bunduki, naicheza tangu 2019. Simu yangu ya zamani ilikuwa ya kioo cha inchi 5.5, kona moja ina ufa, lakini kwa simu ile nilikuwa mtu. Sisemi bingwa, nasema mtu. Ukinipa bunduki ya M416 na skopu (darubini ya kulengea) ya mara 3, adui wa mita 80 alikuwa haondoki na nguo kavu. Na sensi sikuwahi kuigusa, ilikuwa ileile iliyokuja na gemu.

Mwezi uliopita shemeji yangu kalipwa korosho zake za mnada wa kwanza, akawa na harusi ya binti yake, nikamshonea sare watu 14. Badala ya kunilipa ushonaji akaniongezea hela nikanunua simu kubwa, inchi 6.7, kioo cha hezi 90. Nikasema sasa wataisoma namba.

Nimeisoma mimi.

Ijumaa usiku tulikuwa skwadi: mimi, mpwa wangu anayesoma Lindi, na vijana wawili wa Mikindani. Ramani ya Erangel, duara la mwisho (eneo la kuchezea limeshabana), sisi watatu na wao wawili. Namwona mmoja yuko nyuma ya mti, kichwa kimetokeza upande wa kulia. Nimelala kwenye nyasi na skopu ya mara 4. Nasogeza dole gumba kidogo tu, kama unavyosukuma kitambaa chini ya sindano, doti ikamruka mpaka kwenye jiwe. Narudisha, ikampita tena upande wa pili. Ikawa kama nampungia mkono. Nikaona bora nifyatue tu liwalo na liwe. Risasi ya kwanza mti, ya pili majani, zilizobaki zote mawinguni. Jamaa kageuka taratibu, hana hata haraka, akanilaza. Mpwa wangu kwenye maiki: "Mjomba, unawinda popo?"

Nilichokwisha kufanya: nilinakili sensi za mchezaji mmoja wa nje niliyemwona kwenye video, zile zenye gairo 300, yaani unalenga kwa kuipinda simu. Nimewasha gairo, naipinda simu, nainyanyua, naizungusha kama sinia la ubwabwa, kamera haitikisiki. Nikashusha namba zote nusu. Sasa mtu akinipiga kutoka nyuma, kugeuka ni kama kugeuza jahazi lenye shehena. Nikapandisha tena. Hivi sasa kamera bila skopu ni 130, redi doti (ile skopu isiyovuta karibu) 70, mara 3 ni 40, mara 4 ni 35, mara 6 ni 25. Zile za kufyatua nimezijaza namba hizohizo.

Kingine kinachonitia wazimu, mara nyingine doti inaruka yenyewe hata nikiwa nimetuliza kidole. Nadhani ni mtandao, maana seva ya Mashariki ya Kati hapa napata ping (mtandao unavyochelewa) 160 mpaka 200. Au simu mbovu?

---

korosho_ghafi – Jumapili, saa 2:25 usiku

Mjomba umeniua na hiyo jahazi. Weka hizi, usiulize: bila skopu 95, redi doti 50, mara 3 weka 20, mara 4 weka 15, mara 6 weka 11. Gairo zima kabisa. Utanishukuru kesho.

Halafu popo hawawindwi kwa M416, ni kombeo.

---

FundiRahaleo – Jumapili, saa 3:40 usiku

Mjomba, mimi natengeneza simu hapa Lindi mwaka wa 11 huu, na gemu nalicheza nikishafunga, kwa hiyo kesi yako naijua pande zote mbili. Namba za korosho_ghafi si mbaya, lakini ukizinakili utakuwa umefanya kosa lilelile la yule wa video. Ni kama mteja aje na vipimo vya suruali ya jirani yake akwambie kata.

Kwanza mtoe mtandao kwenye hiyo kesi. Kamera inageuzwa na simu yako yenyewe. Kidole kikiteleza, simu haiendi kuomba ruhusa seva. Ping ya 180 itakuumiza kwingine: umeshajificha nyuma ya ukuta na bado unakufa, au umempiga mtu na damu inachelewa kutoka. Mwezi wa 5 mwaka 2024 zile nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikawa inachechemea nchi nzima, niliingia uwanja wa mazoezi nikakuta watu wanarukaruka kama panzi. Kamera yangu ilikuwa inageuka vilevile kama siku zote. Kinachoweza kukuharibia mgeuko wa kamera ni fremu (picha kwa sekunde) kushuka simu ikipata joto, au kioo kusoma kidole vibaya.

Ndiyo maana kabla hujagusa namba yoyote nijibu: unacheza simu ikiwa kwenye chaji? Na chaji ni ileile ya kwenye boksi, au umenunua ya mtaani?

Kioo cha simu kinakijua kidole chako kwa kupima umeme mdogo sana unaobadilika kidole kinapokikaribia. Chaji isiyochuja umeme vizuri inamwaga vurugu humohumo, na kioo kinaona kidole kimehama wakati wewe umetulia tuli. Wateja wananiletea simu hapa wanasema kioo kimekufa, nachomoa chaji, kioo kinafufuka. Huwa sichukui hela, lakini roho inaniuma kidogo.

Jipime mwenyewe. Mipangilio ya simu, Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7 mfululizo mpaka ikwambie umekuwa msanidi. Kwenye chaguo mpya zitakazofunguka kuna ya kuonyesha njia ya kidole. Iwashe, kisha chora mstari wa polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kwanza bila chaji, halafu chaji ikiwa imechomekwa. Rudia kwa kila dole gumba. Ukimaliza izime, na vingine vyote vilivyomo humo usivichokoe.

Leta majibu, ndipo tuongee namba.

---

dogo_ligula – Jumapili, saa 4:05 usiku

Wakubwa mnazunguka sana. Mie naweka jenerali 100, redi doti 95, kila kitu juu, naburuta kidole juu ni kichwa tu. Mjomba pandisha, acha uoga.

---

FundiRahaleo – Jumapili, saa 4:11 usiku

Dogo, hiyo jenerali ni ya Free Fire, gemu jingine. Mwenzio anacheza PUBG. Kule unaburuta juu ushike kichwa, huku bunduki inapanda yenyewe na kazi yako ni kuivuta chini. Ukimpa ushauri wako atapiga mwezi.

---

dogo_ligula – Jumapili, saa 4:12 usiku

Aaah samahani. Sikusoma kichwa cha habari.

---

MjombaChuno – Jumatatu, saa 1 usiku

Fundi, nimefanya. Nilifunga kibanda mapema leo, nimekaa barazani na simu mbili, ya zamani na mpya.

Bila chaji, dole gumba la kushoto: mstari umenyooka kama mshono wa kaptula ya shule. Nikachomeka chaji (ndiyo, ya mtaani, ya boksi aliichukua mtoto wa dada), nikachora tena polepole vilevile: mstari umejaa meno, kama nimeshona huku nasinzia. Mara mbili ukaruka kabisa ukaacha pengo. Na Ijumaa ile nilikuwa kwenye chaji, maana umeme ulikatika mchana kutwa, ukarudi saa 2 usiku na betri ilikuwa na asilimia 9.

Kwa hiyo doti kuruka yenyewe nimemjua mchawi wake.

Lakini kuna kitu cha pili sikukitegemea. Dole gumba la kulia, hata bila chaji, mstari unakatikakatika. Unaanza, unapotea nusu sentimita, unaanza tena. Nimefuta kioo, nimefuta kidole, vilevile. Nikajaribu kwa simu ya zamani, nayo inakatika lakini si sana. Kidole cha kati cha mkono huohuo kinachora vizuri. Hii ni nini tena?

---

FundiRahaleo – Jumatatu, saa 1:20 usiku

Mjomba, nitazame hicho kidole kwa macho ya daktari. Kina nini?

---

MjombaChuno – Jumatatu, saa 1:32 usiku

Duh.

Wiki ya harusi nilimsaidia mama kubangua korosho za kuchoma, debe zima, za kuwekea wageni. Alinionya nipake mafuta mikononi kwanza, nikajifanya kidume. Zile ambazo hazijaiva vizuri ganda lake bado lina utomvu, ukaniunguza dole gumba na kidole cha shahada cha kulia. Sasa ngozi imekuwa ngumu, nyeusi, inabanduka vipandevipande. Uzi wa sindano siusikii vizuri, natumia kushoto. Sikuwahi kuwaza kwamba na simu nayo hainisikii.

---

korosho_ghafi – Jumatatu, saa 1:34 usiku

Yaani kumbe mimi ndiye niliyekufanyia hivyo. Samahani Mjomba.

---

FundiRahaleo – Jumatatu, saa 2:15 usiku

Hapo sasa hakuna sensi duniani itakayokusaidia. Ngozi kavu iliyokufa haipitishi umeme vizuri, na ukiongeza na protekta nene juu yake, simu inaona kidole, inakipoteza, inakiona tena mahali pengine. Kwako wewe inaonekana kama kamera imeruka. Msimu huu kila mwaka napata wateja wa namna hiyo, hasa akina mama wa kubangua. Paka mafuta usiku, ngozi itabanduka yenyewe, usiing'oe. Protekta yako ni ya kioo au ya plastiki? Kama ina povu la hewa upande wa kulia, toa leo.

Wakati unasubiri ngozi, anza na namba, kwa kidole cha kati ikibidi.

Futa kila ulichonakili, rudisha namba za mwanzo za gemu. Kisha tenganisha vitu viwili ambavyo wewe umevijaza sawasawa. Sensi ya kamera inatumika wakati HUFYATUI: unapotafuta mtu, unapogeuka, unapomlenga. Sensi ya kufyatua inashika usukani pale tu risasi zinapoanza kutoka, na kazi yake kubwa ni kukupa nguvu ya kuivuta bunduki chini. Tatizo lako la kumpita adui nyuma ya mti ni la kamera. Tatizo la risasi kwenda mawinguni ni la kufyatua. Ukipandisha zote pamoja unatibu mguu kwa kufunga bandeji mikono yote miwili.

Nenda uwanja wa mazoezi, peke yako, bila maiki. Bila skopu kwanza. Weka dole gumba katikati ya upande wa kulia wa kioo, telezesha mara moja mpaka ukingoni kwa mwendo ambao ungetumia ukishtuliwa. Unataka mpigo mmoja ukugeuze ukamwone aliye nyuma yako. Ukiishia ubavuni, ongeza. Ukizunguka ukarudi ulikotoka, punguza. Badilisha 5 kwa 5, usiruke 30.

Halafu skopu moja moja. Kadiri skopu inavyovuta mbali ndivyo namba inavyoshuka, kwa sababu mkono uleule unaonekana mkubwa ndani ya darubini. Hiyo 35 yako ya mara 4 ndiyo iliyokuwa inamrukia yule jamaa mpaka kwenye jiwe. Chukua mabango mawili ya shabaha yaliyo jirani, hamisha doti kutoka la kwanza kwenda la pili mara 10. Ukiwa unapitiliza kila mara, shusha 2 au 3. Ukiwa hufiki, pandisha.

Sasa kufyatua. M416, skopu ya mara 3, ukuta. Mwaga magazini nzima bila kugusa kitu uone inavyopanda. Mwaga ya pili huku unavuta kidole chini kwa mwendo wako wa kawaida, usijilazimishe. Matundu yakipanda juu, ongeza sensi ya kufyatua. Yakishuka chini ya ulipoanzia, punguza. Yakikusanyika mahali pa upana wa sahani, acha, nenda skopu nyingine. Bunduki ya AKM iache mwisho, ile inarusha zaidi na itakuchanganya.

Na michoro weka laini, fremu za juu kadiri simu inavyoruhusu. Kioo cha hezi 90 hakimaanishi gemu linatoka fremu 90. Simu ikianza kuwaka moto mkononi, fremu zinashuka, na sensi uliyoipima ikiwa baridi inakuwa ya mtu mwingine. Kwa joto letu hili la mwezi wa 11, pima saa unazochezea, usipime alfajiri.

---

Bi_Shangani – Jumatatu, saa 3 usiku

Fundi kaeleza vizuri ila kaka Mjomba, kuna mahali hamjapagusa. Umetoka inchi 5.5 kwenda 6.7. Vitufe vimehama! Kitufe cha kufyatua kilikuwa chini ya dole gumba lako, sasa kiko mbali, unakifikia kwa kunyoosha. Dole gumba likinyooshwa halishuki wima, linachora upinde kwa sababu limefungwa pale kwenye kiganja. Wewe unadhani unavuta chini, kumbe unavuta chini na pembeni. Angalia matundu yako ukutani: yakielekea upande mmoja kama mkono wa saa, hiyo si sensi, ni kitufe.

Mimi nilihangaika na hilo miezi miwili nilipobadili simu. Nikaingia kwenye mpangilio wa vitufe, nikakivuta cha kufyatua karibu na kiganja, nikakikuza, nikakishusha kidogo. Siku ileile nikaona tofauti. Na nina cha pili cha kufyatua juu kushoto, nakibonyeza kwa kidole cha shahada, ili dole gumba la kulia libaki na kazi moja tu ya kulenga. Wiki ya kwanza utajiona mjinga. Hiyo ya pili nayo. Baada ya hapo hutarudi nyuma.

Gairo: simu yako huenda haina kabisa hicho kifaa. Simu nyingi za bei ya chini, na baadhi za bei ya kati, hazina. Watu wanadanganyika kwa kuwa skrini inageuka ukilaza simu, lakini hiyo ni kazi ya kifaa kingine cha kupima mwelekeo. Ukiwasha gairo "muda wote" ukiwa uwanja wa mazoezi na kamera haitikisiki, basi, huna. Simu nyingine zina ya kuigiza, inachelewa kama mwangwi, hiyo nayo izime. Ndiyo maana namba za yule wa video hazikukufaa: anashusha bunduki kwa kuinamisha simu, kidole chake kinalenga tu. Wewe kidole kinafanya kazi zote.

Sikubaliani na Fundi kwenye kitu kimoja. Kamera bila skopu mimi naipenda juu zaidi ya hapo anaposema, nigeuke kwa nusu ya mpigo. Kule ramani ya Sanhok watu wanatokea vichakani, huna muda wa mpigo mzima.

Jasho: poda ya mtoto, kidogo tu, kwenye dole gumba. Wengine wananunua soksi za vidole. Dada yangu ananiona napaka poda saa 3 usiku anadhani natoka.

---

FundiRahaleo – Jumatatu, saa 3:20 usiku

Mkuu nimekubali hilo la kitufe, mimi nina mikono mikubwa sijawahi kuliona. La kamera ya juu tutabishana siku nyingine.

---

Bi_Shangani – Jumatatu, saa 3:22 usiku

Dada, si mkuu. Na hatubishani, nitakuonyesha.

---

MjombaChuno – Jumanne ya wiki iliyofuata, saa 2:30 usiku

Wakuu, na dada, narudi na majibu. Nilisubiri kidole kipone kwanza.

Protekta ilikuwa na povu, tena refu, ukingo mzima wa kulia. Nimeitoa. Chaji ya boksi nimeichukua tena kwa mtoto wa dada kwa kubadilishana na kaptula. Ngozi imebanduka karibu yote, chini yake ni nyekundu laini kama ya mtoto, na mstari sasa haukatiki.

Kitufe: dada Bi_Shangani, nilipiga ukutani kabla ya kukihamisha na matundu yalikuwa yanapanda kisha yanakwenda kushoto, kabisa kama kola ya shati iliyokatwa vibaya. Nikachukua chaki yangu ya kuchorea kitambaa, nikaipaka kwenye dole gumba, nikashika simu ikiwa imezimwa na kuburuta chini. Likaacha upinde mweupe juu ya kioo. Nikakivuta kitufe mpaka pale upinde unapokuwa karibu na wima. Kitufe cha pili cha kufyatua kwa kidole cha shahada nimejaribu siku mbili, nikamlipua rafiki yangu kwa bomu wakati nataka kuruka dirisha. Nimeahirisha.

Namba zangu, msizinakili: kamera bila skopu 115, redi doti 48, mara 3 ni 22, mara 4 ni 17, mara 6 ni 12. Kufyatua bila skopu 110, redi doti 58, mara 3 ni 29, mara 4 ni 25. Mara 6 sifyatui mfululizo, napiga moja moja, sijaipima. Gairo sina. Niliipima kama alivyosema dada, hakuna kitu, na nikikumbuka nilivyokuwa naizungusha simu mbele ya wateja naona aibu.

Fundi, ile ya kupima saa unazochezea ni kweli tupu. Nilipima Jumamosi asubuhi upepo wa bahari ukiwa unavuma, ikawa tamu. Usiku ndani, bati limekunywa jua kutwa, mechi ya tatu kamera ikawa nzito kama imevaa koti la mvua. Nimeshusha fremu hatua moja na kutoa kava. Sasa inakaa ilivyo mpaka mechi ya nne.

Jana tumeshika nafasi ya 3. Niliua wawili. Mmoja kwa skopu ya mara 4, alikuwa nyuma ya mti, kichwa upande wa kulia. Nilisogeza dole gumba kidogo, doti ikaenda, ikasimama juu ya sikio. Nikakaa pale nusu sekunde nzima nikiishangaa, nusura asogee. Wa pili nilimpiga kwa bahati, alikuwa anakunywa kinywaji cha nguvu.

Halafu akatokea mmoja kutoka nyuma. Niligeuka kwa mpigo mmoja, nikamwona vizuri kabisa, akaniua. Lakini nilimwona.

---

mpwa_wa_lindi – Jumanne, saa 3:05 usiku

Shikamoo mjomba. Nimeuona huu uzi darasani leo, kuna mtu alikuwa anausoma anacheka, nikajua tu ni wewe kwa ile jahazi.

Kwanza sikusema popo, nilisema bundi. Pili huyo aliyekutokea nyuma nilikupigia kelele mara tatu kwenye maiki.

---

MjombaChuno – Jumanne, saa 3:09 usiku

Marahaba. Sauti ya gemu nilikuwa nimezima, mama yako alikuwa amelala. Maliza kusoma, saa 4 ingia lobi. Wa Mikindani wako tayari.